Babu wa Ujiji alikuwa raia wa mfalme yupi?

Msomaji wa Isevya, Tabora, anauliza: "Marehemu babu yetu alizaliwa Ujiji kati ya mwaka 1908 na 1910. Akiwa kijana alihamia Tabora, akaoa hapa na kufia hapa mwaka 1974. Kwenye sanduku lake tumekuta sarafu za matundu, sarafu moja ya njano yenye taji na herufi T, na risiti kadhaa za kodi. Tunaandika historia ya ukoo na tumeshikwa na ubishi. Baba mdogo anasema babu alikuwa raia wa Mfalme wa Uingereza kwa sababu Tanganyika ilikuwa koloni lake. Shangazi anasema mzee alikuwa akisimulia utawala wa Mbelgiji. Nani yuko sahihi? Na huyo mfalme aliyekaa Ulaya, amri zake zilimfikiaje mtu wa kawaida huku kwetu?"

Ndugu msomaji, shangazi yako yuko sahihi kwa miaka minne na miezi karibu minane. Baba mdogo yuko sahihi kuhusu bendera iliyopepea bomani, ila kwenye uraia amekosea. Hadi usiku wa kuamkia Uhuru babu yenu hakuwa raia wa Uingereza, na kwa sheria yao wenyewe Tanganyika haikuwa koloni la mfalme. Kuna na la tatu ambalo huenda hamjalitaja katika ubishi wenu: mwaka pekee ambao nchi hii ilikuwa na malkia wake yenyewe kikatiba ni mwaka wa kwanza wa Uhuru. Nitalifikia.

Tupange tarehe kwanza, maana za Ujiji si sawa na za Tabora, na hapo ndipo koo nyingi za kwetu hukosana.

Babu alizaliwa chini ya Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani. Serikali ya Berlin iliichukua nchi kutoka mikononi mwa kampuni tarehe 1 Januari 1891. Tabora ilikuwa imeshapandishwa bendera mwaka 1890, lakini Mtemi Isike wa Unyanyembe hakuitambua, na vita vilikwisha Januari 1893 tu, ngome yake ilipovunjwa naye akajilipua kwa baruti. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya Kibelgiji yaliyotokea Kongo yaliiteka Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, na Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Tabora waliikabidhi kwa Waingereza mapema mwaka 1917. Kigoma na Ujiji hawakuziachia mpaka Machi 1921.

Kwa hiyo tangu umri wa miaka sita au minane hivi mpaka alipokuwa anabalehe, babu alikuwa chini ya askari wa Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji. Angekuwa amezaliwa Isevya, angemwona Mbelgiji kwa miezi michache tu. Tena Kigoma haikuwa pembeni wakati huo: ndiko alikokaa kamishna wa kifalme wa Ubelgiji aliyesimamia nchi zote zilizotekwa, Rwanda na Urundi zikiwemo.

Kwenye karatasi mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Kaisari aliangushwa Novemba 1918. Ujerumani iliyaachia makoloni yake kwa Mkataba wa Versailles, ulioanza kutumika tarehe 10 Januari 1920. Ina maana kwa zaidi ya mwaka mmoja Ujiji ilikuwa bado nchi ya Ujerumani kisheria, Ujerumani isiyo na Kaisari, ikikaliwa na askari wa mfalme mwingine, huku Waingereza na Wabelgiji wakiwa wameshaelewana Mei 1919 kwamba Rwanda na Urundi zibaki Ubelgiji na Kigoma iende kwa Mwingereza. Mzee akisema "tulikuwa wa Mbelgiji", alikuwa anaeleza alichokiona kwa macho, na kwa miaka ile macho yalikuwa ushahidi bora kuliko karatasi.

Wabelgiji hawakuondoka mikono mitupu. Kwa makubaliano ya Machi 1921 walipewa maeneo bandarini Kigoma na Dar es Salaam, pamoja na upendeleo wa kupitisha mizigo ya Kongo kwenye reli, wakodishwe milele kwa faranga 1 kwa mwaka. Kodi hiyo haikupanda wala kushuka kwa miaka arobaini. Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Nyerere alilieleza Bunge kwamba nchi huru haiwezi kufungwa na mkataba wa milele ulioandikwa na watu waliokuwa wadhamini tu wa nchi hiyo. Hoja hiyo ina uzito kwa swali lenu pia, kwa sababu inagusa kiini chake: Mwingereza alikuwa na haki gani hasa hapa?

Alikuwa na dhamana. Tofauti ya dhamana na koloni si maneno matupu. Nchi kama Kenya ilipofanywa koloni mwaka 1920, ardhi na watu wake waliwekwa moja kwa moja chini ya ufalme. Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza kuitawala kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa la Geneva, kwa hati iliyothibitishwa Julai 1922. Hati hiyo ilikataza utumwa, ikakataza kazi ya kulazimishwa isipokuwa kwa kazi muhimu za umma na kwa ujira wa kutosha, ikataka haki za wenyeji katika ardhi ziheshimiwe, na ikamtaka mfalme apeleke ripoti Geneva kila mwaka. Sheria kuu ya kuendesha nchi, Amri ya Mfalme ya mwaka 1920, ilitungwa chini ya sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1890 inayohusu mamlaka ya mfalme katika nchi zisizo zake. Waingereza wenyewe, kwa kuchagua sheria hiyo, walikiri kwamba nchi si yao.

Uraia ukafuata mkondo huohuo. Aprili 1923 Shirikisho la Mataifa liliamua kwamba wakazi wa nchi za dhamana hawawi raia wa dola inayowatawala kwa sababu tu ya kutawaliwa nayo. Babu akawa "mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza". Akisafiri nje, ubalozi wa Uingereza ulipaswa kumsaidia. Akiwa ndani, alilipa kodi na kutii sheria kama wengine wote. Ulinzi alipewa, uraia hakupewa.

Sasa amri. Mfalme George wa Tano hakumwandikia mtu yeyote wa Tabora, na pengine hakuwahi kutafakari jambo lolote la Tabora kwa nusu saa mfululizo. Kilichofanya kazi ni mnyororo wa ofisi uliotumia jina lake. Chukua sheria ya kawaida ya miaka ya 1930. Mwanasheria wa serikali aliiandika Dar es Salaam, gavana akaijadili na wakuu wa idara zake, ikapita Baraza la Kutunga Sheria lililoanzishwa mwaka 1926, gavana akaikubali kwa jina la mfalme, ikachapwa katika Gazeti la Serikali. Nakala ikaenda London, ambako mfalme alikuwa na uwezo wa kuifuta. Kwa vitendo aliyeamua ni Waziri wa Makoloni na makarani wake. Bajeti nayo ilihitaji ridhaa ya London. Ndani ya Baraza hilo hakukuwa na Mwafrika hata mmoja mpaka mwaka 1945, walipoteuliwa machifu wawili, Kidaha Makwaia wa Usiha na Abdiel Shangali wa Machame.

Kutoka Dar es Salaam waraka ulipanda treni au ulipigwa kwa simu ya nyaya kando ya reli mpaka kwa mkuu wa jimbo, ambaye kwa jimbo la Magharibi alikaa Tabora. Yeye akauteremsha kwa mkuu wa wilaya, Bwana Diisii, yule ambaye wazee waliendelea kumwita Bwana Shauri kama walivyomwita Mjerumani. Bwana Shauri akaita baraza la watemi. Mtemi akawaambia wanangwa wake, na mwanangwa ndiye aliyesimama mbele ya mji wa babu na kusema lililosemwa. Upande wa Buha mnyororo ulikuwa uleule kwa majina mengine: mwami, kisha watwale wake. Katika miji ya Waswahili kama Ujiji, serikali iliweka liwali.

Angalia mnyororo huo unavyopungua Wazungu kadiri unavyoshuka. Wilaya kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya ilikuwa na mkuu wa wilaya, msaidizi au wawili, daktari akipatikana, na polisi wachache. Utawala wa mbali wa namna hiyo hauwezi kusimama bila watu wa mahali penyewe kuubeba. Mjerumani alilitambua hilo akaweka maakida na majumbe. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alilifanya kuwa mfumo kamili kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926. Watemi walirudishiwa baraza la hukumu, wakapewa hazina yenye karani na vitabu, wakalipwa mshahara badala ya ile kazi na mazao ambayo watu waliwapa zamani, na hazina ikapata sehemu ya kodi iliyokusanywa. Shule ya serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa kwanza kwa watoto wa watemi na machifu, ili vitabu hivyo vipate wa kuvisoma.

Chini ya sheria hiyo mtemi aliweza kutoa amri mwenyewe: kuzuia gongo, kubeba silaha, kukata miti, kuchafua maji, kuhamisha ng'ombe wenye ugonjwa, au kulazimisha kila kaya ilime mihogo ya akiba. Bwana Shauri aliweza pia kumwagiza atoe amri fulani, na hapo amri ya serikali ilimfikia mwananchi ikiwa na sauti ya mtemi. Aliyeikaidi alishtakiwa katika baraza la mtemi yuleyule. Kwa serikali ulikuwa utaratibu wa bei nafuu sana. Kwa mtemi ulikuwa mtego: akitekeleza kwa ukali watu walimchukia, akilegea kodi ikapungua, na mtemi ambaye hesabu zake hazikutimia aliweza kuondolewa na gavana kwa kalamu moja, jambo ambalo wazee wa Unyamwezi zamani lilikuwa mikononi mwao wenyewe.

Mfano mmoja wa hapahapa ni malale. Miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa huo ulipoenea katika mapori ya Unyamwezi na Buha, idara ya afya iliamua kuwatoa watu kwenye vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa, yenye nguvu kazi ya kutosha kufyeka pori na kulizuia lisirudi, ili mbung'o akose kivuli. Kitabibu hesabu ilikuwa na mantiki. Amri ilipita kwa mkuu wa jimbo, ikashuka kwa watemi na wami, na familia zikaambiwa zihame. Kilichoharibika ni kile ambacho hakikuandikwa kwenye mpango: makaburi ya wazee, miembe, mashamba yaliyokwisha kutulia, visima, yote yalibaki nyuma. Na mahali palipoachwa pakarudi pori, mbung'o wakazidi kujitanua humo, kwa hiyo kurudi kukawa hakuwezekani tena. Ukisikia katika ukoo mtu akisema "kwetu ni porini siku hizi, hakuna anayekaa", uliza mwaka waliotoka. Mara nyingi ni miaka hiyo.

Kodi inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu risiti mnazo.

Falme zote tatu zilikuwa na kanuni moja: nchi ijilipie gharama zake. Mjerumani aliweka kodi ya nyumba kwa amri ya Novemba 1897, rupia 3 kwa nyumba moja shamba, mjini zaidi. Rupia ilikuwa na thamani ya maki ya Kijerumani 1 na theluthi, na tangu mwaka 1904 iligawanywa katika hela 100. Mwanzoni boma liliweza kupokea mazao au kazi, lakini lilichotaka ni fedha taslimu, na fedha taslimu haikuota Unyamwezi. Ilipatikana kwa kwenda kuitafuta: uchukuzi wa mizigo, kazi ya kujenga reli, mashamba ya mkonge ya pwani. Reli yenyewe ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam, iliua ule uchukuzi wa misafara uliowapa Wanyamwezi fedha kwa vizazi vizima. Kodi haikufa nayo. Asiyelipa alikutana na kiboko, ambacho amri ya Berlin ya mwaka 1896 ilikiwekea kikomo cha mapigo 25 kwa mara moja, ndiyo ile hamsa wa ishirini ya simulizi za wazee. Amri hiyohiyo iliwaepusha wanawake wote, pamoja na Waarabu na Wahindi. Wanaume wa Kiafrika ndio walioandikiwa.

Mwingereza akaweka kodi ya nyumba na kichwa kwa sheria ya mwaka 1922, kwa shilingi, kiwango kikitofautiana wilaya kwa wilaya. Ilifanyika hivi: karani wa hazina ya mtemi alikuwa na daftari la walipa kodi kwa kila kijiji, mwanangwa akathibitisha nani yupo, nani kafa na nani kahama, mlipaji akaleta fedha, akapewa risiti yenye namba, na fedha zikapelekwa bomani. Mwenye wake zaidi ya mmoja aliongezewa. Mzee sana au mlemavu aliweza kusamehewa na Bwana Shauri. Aliyeshindwa aliweza kupangiwa kazi za serikali, barabara kwa mfano, mpaka deni liishe. Geneva waliuliza mara kwa mara kama hiyo si kazi ya kulazimishwa, nayo serikali ikajibu kwamba ni namna ya kulipa kodi. Mtu aliyeponda kokoto juani hakuona tofauti.

Mambo yalikoharibika zaidi ni kwenye daftari. Mwanangwa aliyeogopa kuonekana ana kijiji kinachopungua aliwaacha waliohama kwenye orodha, na ndugu zao wakabanwa walipe. Ndiyo maana babu, aliyetoka Ujiji akaja Tabora, alikuwa na sababu nzuri ya kutunza risiti zote: akienda kusalimia kwao angeweza kudaiwa upya. Buha, mbali na soko na isiyo na zao la fedha la maana kwa miaka mingi, serikali iliihesabu kuwa nchi ya kutoa vibarua. Kuanzia mwaka 1944 ofisi ya kuandikisha wafanyakazi wa mkonge, Silabu, iliwapakia Waha kwenye treni Kigoma kwenda Tanga na kwingineko. Hao ndio manamba. Ukoo wenye mtu aliyepotelea Tanga uanzie hapo kumtafuta.

Hukumu nayo ilikuwa na njia mbili ambazo hazikukutana, na kwa maoni yangu hapa ndipo umbali wa mfalme ulipoumiza kuliko kwenye kodi. Kesi iliyoanzia Mahakama Kuu iliweza kukatiwa rufaa katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kisha mbele ya Baraza la Mfalme London. Lakini mgogoro wa shamba, mahari au urithi wa babu ulianzia baraza la mtemi, na kwa sheria ya mwaka 1929 rufaa yake ilipanda kwa mkuu wa wilaya, kwa mkuu wa jimbo, na kuishia kwa gavana. Majaji waliondolewa kabisa katika njia hiyo. Cameron aliitetea kwamba inalinda mila zisisongwe na wanasheria. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyemshinda mwenzake kwa hila za baraza hakuwa na jaji wa kumwogopa, na aliyeonewa na amri ya Bwana Shauri alikata rufaa kwa bosi wa Bwana Shauri.

Palikuwa na mlango mmoja ambao Kenya hawakuwa nao. Wakazi wa nchi ya dhamana waliruhusiwa kupeleka malalamiko Geneva, ingawa ilibidi yapitie kwa gavana huyohuyo, kwa hiyo wachache walithubutu. Baada ya Vita ya Pili, Tanganyika ilipowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa kwa mkataba wa Desemba 1946, mlango ukapanuka: ujumbe wa kutembelea nchi ulikuja kila baada ya miaka mitatu kuanzia 1948, na mwananchi aliweza kusimama New York mwenyewe. Kirilo Japhet alikwenda mwaka 1952 kwa ajili ya ardhi ya Wameru, Nyerere akaenda Machi 1955. Mkutano wa TANU wa Tabora wa Januari 1958, uliokubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, japokuwa masharti yake yalikuwa ya kuudhi (kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotajwa), ulifanyika ukijua kwamba kuna macho ya nje yanayotazama. Bila udhamini, nadhani njia ingekuwa ndefu zaidi.

Usidhani lakini kwamba London haikuweza kuamua jambo likatua Tabora kama radi. Mradi wa karanga wa mwaka 1947 uliamuliwa huko ili Waingereza wapate mafuta ya kupikia, Urambo ikawa moja ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Nachingwea. Ulikufa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi, kwa sababu mashine, mvua na udongo havikupimwa kabla ya kuanza. Urambo ikageukia tumbaku.

Sasa malkia. Tarehe 9 Desemba 1961 udhamini uliisha, na Tanganyika ikawa dola huru ambayo mkuu wake, kwa katiba, alikuwa Elizabeth wa Pili. Gavana wa mwisho, Richard Turnbull, alibaki kama gavana jenerali, akifanya kazi kwa ushauri wa waziri mkuu, kwanza Nyerere na kuanzia Januari 1962 Kawawa. Kabla ya siku hiyo Elizabeth alikuwa mdhamini wa Tanganyika kwa niaba ya wengine. Kwa miezi kumi na miwili iliyofuata alikuwa malkia wa Tanganyika kwa haki ya Tanganyika yenyewe. Tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa jamhuri. Hakuwahi kufika hapa akiwa mkuu wa nchi hii. Alikuja Julai 1979, mgeni wa Rais Nyerere. Kaisari Wilhelm hakufika kabisa, ingawa Kigoma kuna jumba linaloitwa la Kaisari na wapo wanaosimulia kwamba lilijengwa kumngojea.

Mwaka 1963 mamlaka ya watemi na machifu yakafutwa kisheria. Ufalme wa mbali na utemi wa karibu viliondoka ndani ya miezi michache.

Turudi kwenye sanduku. Sarafu ya njano yenye taji na T ni hela za dharura zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, wakati meli za Waingereza zimefunga bahari na Ujerumani haiwezi kuleta fedha. T ni Tabora. Zilitengenezwa kwa wingi, za hela 5 na hela 20, kwa hiyo thamani yake ya fedha si kubwa, msidanganywe na wanunuzi wala msiwadanganye. Inayotafutwa ni ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, ya mwaka huohuo na karakana hiyohiyo, na kwa sababu inatafutwa, za kughushi ni nyingi.

Zile za matundu huenda ni senti za Mwingereza, ingawa Mjerumani naye alikuwa na hela za tundu. Someni jina lililozunguka tundu kwa Kilatini. "Georgivs V" ni mpaka mwaka 1936, "Georgivs VI" au "Sextvs" ni baada yake mpaka 1952. Mkiona "Edwardvs VIII" na mwaka 1936, msiitupe mkidhani ni kosa: ni Edward wa Nane, aliyetawala chini ya mwaka mmoja na kujiuzulu kabla ya kuvishwa taji. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilikuwa zimeshapigwa kwa jina lake, zikaendelea kutumika sokoni bila wasiwasi. Maneno "Ind Imp" yana maana ya Kaisari wa Uhindi, yaliondolewa baada ya Uhindi kuwa huru.

Risiti zipangeni kwa mwaka wa kodi, si kwa tarehe ya kulipa, maana wengi walilipa deni la mwaka uliopita. Andikeni kila jina lililomo: mlipaji, baba yake, kijiji, mwanangwa au mtwale. Mahali ambapo jina la mkubwa linabadilika kutoka la Ujiji kwenda la Unyanyembe ndipo babu alipohama, na hiyo itakuwa tarehe bora kuliko kumbukumbu ya yeyote. Cheti cha kuzaliwa msikitafute. Waafrika hawakulazimishwa kuandikisha vizazi enzi hizo. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya Kijerumani, ya Kiingereza, na vile vitabu vya wilaya ambavyo kila Bwana Shauri aliongezea maelezo. Humo mtakuta orodha za nasaba za watemi na wami. Zisomeni kwa tahadhari, kwa kuwa waliozisimulia walikuwa mara nyingi ndio hao waliokuwa wakiomba watambuliwe.

Kitu kimoja mkithibitishe mapema, kwa sababu kinagusa uraia aliokuwa nao babu mpaka anafariki mwaka 1974. Aliyezaliwa Tanganyika, akawa chini ya ulinzi wa Uingereza tarehe 8 Desemba 1961, alipata uraia wa Tanganyika siku iliyofuata bila kuomba, ila kwa sharti kwamba baba au mama yake naye alizaliwa Tanganyika. Familia nyingi za Ujiji asili yake ni Manyema, ng'ambo ya ziwa. Ikiwa wazazi wote wawili wa babu walizaliwa Kongo, uraia haukumjia wenyewe. Alipaswa kuomba kuandikishwa, na ombi hilo litakuwa na karatasi yake. Muulizeni shangazi walizaliwa wapi kabla hamjafunga safari ya Dar es Salaam.